Mwenye fedha huwahi belo

Zamani, ndugu msomaji, ukitaka kujua umri na mfuko wa mwanamke wa Mwanza ilitosha kumtazama anaingia duka gani. Siku hizi itakubidi uulize pia aliingia saa ngapi.

Tuanze nyuma kidogo. Reli kutoka Tabora ilipofika hapa mwaka 1928, pamba ya Usukuma iliondoka kwa mabehewa, na mabehewa hayo hayo yakaleta nguo. Wenye maduka wengi walikuwa Wahindi, na barazani alikaa fundi na cherehani yake. Mama wa kijijini alingoja msimu: pamba ikishauzwa ndipo anakuja mjini kuchagua kaniki au, mambo yakiwa mazuri, doti ya khanga. Tofauti ya nguo hizo mbili haikuwa ndogo. Kule Unguja kaniki ilikuwa vazi la watumwa, na baada ya amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa, wanawake walioachwa huru waliitupa wakavaa khanga, ili mtu asiwasome tena kwa kitambaa.

Baada ya Uhuru tukapata kiwanda chetu, Mwatex, katika miaka ya 1960. Sasa mtu angevaa pamba ya shambani kwake. Lakini mabinti wa mjini walikuwa na macho kwingine, na Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam, kupiga vita sketi fupi, wigi na suruali za kubana. Aliyelengwa alikuwa binti. Khanga ya mama yake hakuna aliyeigusa.

Kisha ikaja dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 maduka yalikuwa matupu. Khanga ilipatikana kwa foleni au kwa kibali, na hapo fedha peke yake haikufua dafu. Tajiri asiyejuana na mtu alikosa, mke wa ofisa akapata. Hilo nalo lilikuwa tabaka, ingawa hatukuliita hivyo.

Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza milango, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na mitumba ikamiminika. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mama aliponinunulia sweta lenye jina la shule ya ng'ambo. Bibi hakulipenda hata kidogo. Alisema ni nguo ya marehemu. Si ndiyo maana watu waliziita kafa Ulaya? Mpaka anafariki, bibi hakuvaa ila kilichokatwa mbele ya macho yake kutoka jora. Mama alivaa vyote viwili: kitenge kanisani, mtumba kazini.

Leo nenda Mlango Mmoja alfajiri, belo linapofunguliwa. Wa kwanza kuchagua ni wenye maduka. Wanachukua gredi ya juu, wanafua, wanapiga pasi, wanaitundika kwenye duka lenye kioo na feni. Anayeinunua pale kwa bei mara kadhaa huenda akaapa kwamba havai mtumba! Wanafuata akina dada wa maofisini, ambao muuzaji anazo namba zao za simu na huwawekea zao pembeni. Mchana huja wengine. Jioni kinachobaki kinamwagwa juu ya turubai, na hapo ndipo anapofika mama aliyeshinda akiuza samaki.

Mama wa makamo mwenye mshahara hasumbuki kwenda popote. Kitenge kinamfuata ofisini, begani kwa mwanamke mwenzake, kwa mkopo wa mwisho wa mwezi. Binti yake anaagiza Kariakoo kwa simu na kupokea kifurushi kwenye basi, Nyegezi. Rock City Mall, upande wa Ilemela, wengi wa rika lake huenda kupiga picha.

Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Tanzania ikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru.

Wapo wanaonishambulia kwa simu studioni wakisema mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu. Ilichangia, sikatai. Lakini foleni ya khanga ilikuwepo kabla ya belo la kwanza, na viwanda vilikuwepo. Na kila wazo la marufuku linaporudi najiuliza litampiga nani. Mwenye duka la kioo ataagiza nguo mpya kutoka China. Dada wa ofisini atalalamika, kisha atanunua.

Nilipita Mlango Mmoja juzi giza likiingia. Mama mmoja, ndoo tupu ya samaki miguuni, alikuwa amenyanyua gauni la mtoto mbele ya tochi ya simu ya muuzaji, akitafuta doa.