Imani ya Ulaya katika Akili na Jaribio la Kongwa, 1946–1951

Katika masimulizi yaliyozoeleka ya historia ya fikra, imani ya Ulaya katika akili ilianza kutikisika mwishoni mwa karne ya 19. Wanafalsafa wa Zama za Mwangaza walikuwa wamefundisha kwamba ulimwengu huendeshwa na kanuni zinazoweza kujulikana, na kwamba binadamu akizifahamu ataipanga jamii kama fundi apangavyo vyuma vya saa. Friedrich Nietzsche aliutilia shaka msingi huo. Sigmund Freud alidai kwamba sehemu kubwa ya matendo yetu hutawaliwa na ung'amuzibwete. Mwaka 1905 Albert Einstein aliondoa dhana ya wakati mmoja ulio sawa kwa watazamaji wote, na mwaka 1927 Werner Heisenberg alibainisha kwamba mahali na mwendo wa chembe haviwezi kujulikana kwa pamoja kwa usahihi usio na kikomo. Hata hisabati haikusalimika, kwani mwaka 1931 Kurt Gödel alithibitisha kuwa mfumo wa kihisabati usiojipinga, wenye uwezo wa kutosha kubeba hesabu za kawaida, huwa na kauli ambazo wenyewe hauwezi kuzithibitisha wala kuzikanusha.

Masimulizi hayo ni sahihi, ila yanaishia katika maabara na maktaba. Hayatuelezi ni kwa nini takriban miaka 20 baada ya Heisenberg, serikali ya Uingereza iliweza kuamini kwamba ekari milioni tatu za pori la Afrika zingegeuzwa mashamba kwa hesabu zilizofanyiwa mezani. Makala haya yanashikilia kwamba shaka ya wanafalsafa na wanasayansi haikufika katika ofisi za watawala. Imani ya kale iliendelea kuishi humo kwa jina jipya la mipango, na mtihani wake mkali mmojawapo ulifanyika Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza kilimo kikubwa cha karanga, na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulitumwa kuchunguza. Uchunguzi huo ulichukua takriban wiki tisa, sehemu yake kubwa ikifanywa kutoka angani. Taarifa iliyotokana nao ilipendekeza mashamba 107 yenye ekari 30,000 kila moja, yaani ekari 3,210,000, ambapo 80 yangekuwa Tanganyika na mengine Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 kwa miaka sita. Unadhifu wa takwimu hizi unastahili kuangaliwa kwa makini. Shamba la Kongwa lilipewa ukubwa uleule wa shamba la Kenya, kana kwamba udongo wenyewe ulikuwa umeshauriwa ukakubali.

Waziri wa Chakula aliyeubeba mpango huo alikuwa John Strachey, mwandishi aliyevuma katika miaka ya 1930 kwa vitabu vya Kimarx. Alikuwa wa ukoo uleule wa James Strachey, mfasiri mkuu wa Freud kwa Kiingereza. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba mawazo mapya yalikuwa mbali na watu hawa. Yalikuwa sebuleni mwao. Na hayakuwa ya nafsi peke yake. Mwaka 1945 Karl Popper alikuwa amechapisha kitabu kikubwa kinachotetea mabadiliko ya hatua ndogondogo, yanayoruhusu makosa kuonekana na kurekebishwa mapema. Mwaka huohuo Friedrich Hayek alieleza katika makala yake kwamba maarifa ya mahali na wakati mahususi yametawanyika miongoni mwa watu wengi, wala hayawezi kukusanywa yote mbele ya mpangaji mmoja. Mwaka 1947, matrekta yalipokuwa yakianza kufyeka Kongwa, Max Horkheimer na Theodor Adorno walichapisha Amsterdam hoja yao kwamba akili ya Mwangaza, ikigeuzwa chombo cha kutawala tu, huzaa upofu wake yenyewe.

Upofu huo ulionekana upesi. Mashine nyingi zilikuwa mabaki ya vita, na baadhi ya vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Mibuyu na vichaka vyenye mizizi mirefu viliyashinda. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa, ambao mvua ikinyesha hulainika, wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji, na karanga ni zao linalovunwa kutoka ardhini. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Ukame wa mwaka 1949 ukamalizia yaliyosalia. Januari 1951 serikali ilitangaza kuachana na mpango, na hasara iliyofutwa katika vitabu ilikuwa takriban pauni milioni 36.

Je, hii ni hukumu dhidi ya sayansi? Mtafiti anaona sivyo. Kulinganisha mvua ya Ugogo na chembe za Heisenberg ni kucheza na maneno, kwa kuwa kutotabirika kwa mvua hakuna uhusiano na fizikia ya kwanta. Kilichoshindwa Kongwa ni akili iliyokataa kujaribiwa. Hapakuwa na shamba dogo la majaribio la miaka kadhaa ambalo mpango ungelisubiri. Wastani wa mvua ulichukuliwa kama ahadi. Dodoma hupata takriban milimita 570 kwa mwaka, lakini wastani huo hausemi lolote kuhusu wiki tatu za jua kali katikati ya Januari, na ni hizo zinazoua zao.

Wagogo walikuwa na njia yao ya kuhesabu jambo hilo. Walipanda mtama na uwele, nafaka zinazostahimili ukame, na waliweka sehemu ya ng'ombe wao kwa marafiki wa mbali ili janga la mahali pamoja lisimalize zizi zima. Njaa kubwa walizipa majina. Ile ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyotokana na ukame pamoja na majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka na mifugo, huitwa Mtunya. Katika jina hilo moja mna taarifa ya hali ya hewa na ya siasa pia. Si busara kuyapamba maarifa haya kupita kiasi, maana hayakuizuia Mtunya. Hata hivyo yalijengwa juu ya matarajio kwamba mambo yangeharibika, wakati mpango wa London ulijengwa juu ya matarajio kwamba yangekwenda kama yalivyoandikwa.

Wala imani ile haikuondoka pamoja na Waingereza. Ardhi ya Kongwa iligeuzwa ranchi ya ng'ombe, matumizi yanayokaribiana na yale waliyoyajua wenyeji tangu awali. Lakini mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwahamishia Wagogo katika vijiji vya pamoja, na kutawanyika kwa makazi na mifugo, ambako kulikuwa kinga yao, kukahesabiwa kuwa kikwazo cha maendeleo. Safari hii wapangaji walikuwa Watanzania, waliosukumwa na nia ya haki na wala si njaa ya mafuta ya kula ya Uingereza. Tofauti hiyo ya nia ni kubwa kimaadili. Katika namna ya kufikiri, ni ndogo kuliko tunavyopenda kukiri.