Ligi Kuu ya Burundi 2019-2020: msimu uliochezwa dunia ikiwa imesimama

Msimu wa 2019-2020 wa Ligi Kuu ya Burundi, inayojulikana kwa jina la mdhamini wake kama Primus Ligue, ulianza Agosti 2019 ukishirikisha klabu 16, kila moja ikitakiwa kucheza mechi 30. Bingwa alikuwa Le Messager ya Ngozi. Hata hivyo, nje ya mipaka ya nchi msimu huo unakumbukwa kwa sababu nyingine: kwa wiki kadhaa za Machi na Aprili 2020, Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi chache mno duniani ambako mpira wa ligi uliendelea kuchezwa mbele ya watazamaji.

Soka la nchi hiyo lilikuwa limetoka katika mwaka wa furaha. Tarehe 23 Machi 2019, timu ya taifa ilitoka sare ya 1-1 na Gabon mjini Bujumbura na kufuzu kwa mara ya kwanza kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Kule Misri, vijana wa kocha Olivier Niyungeko walipoteza mechi zote tatu, dhidi ya Nigeria, Madagascar na Guinea, bila kufunga bao. Lakini kufika kwenyewe kulitosha kuwajaza mashabiki matumaini.

Kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, msimu ulifunguliwa kwa fahari ya pekee. Bingwa mtetezi alikuwa Aigle Noir ya Makamba, wakati huo mkoa uliopakana na Rumonge upande wa kusini. Ni nadra kombe kutoka nje ya Bujumbura na kwenda kusini. Kwa miongo mingi soka la Burundi lilitawaliwa na klabu za jiji hilo, hasa Vital'O, iliyofika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1992. Agosti 2019 Aigle Noir iliiwakilisha nchi katika Ligi ya Mabingwa, ikatoka suluhu na Gor Mahia ya Kenya mjini Bujumbura, kisha ikazidiwa vibaya katika mechi ya marudiano Nairobi.

Rumonge ni mji wa wavuvi wa mukeke na ndagala na wa wakamuaji wa mawese, kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura. Kiswahili ndicho lugha ya mwalo na soko, na pamoja nacho husafiri habari za mpira kutoka ng'ambo ya ziwa. Shabiki wa huko mara nyingi ana timu mbili: moja ya nyumbani, nyingine Simba au Yanga. Wala si ajabu, kwani Amissi Tambwe, aliyetokea Vital'O, aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara akiwa na Simba katika msimu wa 2013-2014, na tena akiwa na Yanga katika msimu wa 2015-2016.

Machi 2020 virusi vya corona vilizima viwanja karibu kote. Tanzania ilisimamisha ligi yake tarehe 17 mwezi huo. Kenya, Uganda na Rwanda nazo zilisimama, na baadaye Gor Mahia, Vipers na APR zikatangazwa mabingwa bila mechi zilizobaki kuchezwa. Burundi haikufuata njia hiyo. Pamoja na Belarus na Nikaragua, ilitajwa katika vyombo vya habari vya kimataifa kama kituko. Mlangoni mwa uwanja watazamaji walinawa mikono na kupimwa joto la mwili, kisha wakaketi bega kwa bega kama kawaida.

Uamuzi huo haukuwa wa soka peke yake. Masoko na makanisa yalikuwa wazi, na nchi ilikuwa inaelekea uchaguzi mkuu wa tarehe 20 Mei. Shirikisho la soka nalo halikuwa mbali na dola: rais wake, Réverien Ndikuriyo, alikuwa wakati huohuo Spika wa Seneti, na kabla ya hapo aliwahi kuwa gavana wa Makamba. Ni vigumu kuamini kwamba viwanja vingefungwa wakati mikutano ya kampeni ikiandaliwa. Wagonjwa wawili wa kwanza walitangazwa tarehe 31 Machi. Tarehe 12 Aprili ligi ilisimamishwa, raundi chache tu zikiwa zimesalia. Kampeni zilianza siku 15 baadaye, na umati ukakusanyika huko badala ya viwanjani.

Katikati ya Mei serikali iliwafukuza wawakilishi wa Shirika la Afya Duniani. Wapiga kura walijitokeza tarehe 20, na kesho yake, tarehe 21, mpira ukarudi. Mazoezi ya mtu mmoja mmoja nyumbani, kwa wachezaji ambao wengi wao hawaishi kwa mshahara wa klabu pekee, hayakuwa maandalizi ya maana. Walioathirika zaidi ni wale waliokosa posho za mechi kwa zaidi ya mwezi mzima.

Ubingwa ulihama kusini ukapanda kaskazini, Ngozi, mkoa alikokulia Rais Pierre Nkurunziza, mpenzi mkubwa wa soka aliyekuwa na timu yake mwenyewe, Haleluya. Nkurunziza alifariki dunia tarehe 8 Juni 2020; serikali ilisema ni kwa mshtuko wa moyo. Mrithi wake, Évariste Ndayishimiye, aliapishwa tarehe 18 Juni, na kabla mwezi haujaisha alikitaja corona kuwa adui mkubwa kuliko wote wa Burundi na kutangaza kupunguzwa kwa bei ya sabuni, bidhaa ambayo mawese ya Rumonge ni malighafi yake.

Le Messager ilipata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2020-2021, ambayo nayo ilichelewa na kuanza Novemba.