Kumsaidia Maskini Bila Kumwaibisha

Neno «sadaka» tunalisikia kila Dominika. Limetufikia kutoka lugha ya Waarabu, nasi hutumia neno hilo kwa kitu ambacho mtu anakitoa kwa moyo wake, akitaka. Wayahudi nao wana neno ambalo ni ndugu yake, «tsedaka», na maneno hayo mawili yana shina moja. Lakini katika Kiebrania shina hilo ni shina la haki. Kwao, mwenye kumpa maskini hakuongeza wema juu ya wajibu wake. Amelipa deni. Tukishika jambo hili moja, tutafahamu vema kazi ambayo taifa hilo limeifanya kwa muda wa miaka zaidi ya elfu mbili, ili mtu aliyepungukiwa na fedha asipotee, wala asidharauliwe.

Pembe za shamba

Tuanze na Agano la Kale. Kitabu cha Walawi kinamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni, na kurudi kuokota masuke yaliyoanguka. Mabaki hayo ni ya maskini na ya mgeni. Tuangalie vizuri: mwenye shamba hakuambiwa avune yote, kisha aite watu mlangoni mwake na kuwagawia. Aliambiwa aache. Maskini aliingia mwenyewe shambani, akavuna kwa mikono yake, akarudi nyumbani na chakula alichokitokea jasho. Ndivyo alivyofanya Ruthu, mjane mgeni, katika shamba la Boazi.

Tena Sheria ilikataza kumtoza faida ndugu maskini aliyekopa fedha, na iliamuru kwamba kila mwaka wa saba madeni yafutwe. Amri hii ilikuwa ya huruma, lakini ilileta shida. Mwaka wa saba ulipokaribia, wenye mali waliogopa kukopesha, maana walijua kwamba fedha zao hazitarudi. Basi maskini, ambaye Sheria ilitaka kumwokoa, alifungiwa mlango. Mwalimu mmoja mkubwa, jina lake Hillel, aliyeishi wakati wa mfalme Herode, aliliona jambo hilo. Akaweka utaratibu wa hati: mkopeshaji aliliweka deni lake mikononi mwa baraza la waamuzi, na hivyo halikufutwa. Wengine wangeweza kusema kwamba amewapendelea matajiri. Kumbe shabaha yake ilikuwa kwamba maskini apate tena mtu wa kumkopesha.

Kikapu na sahani

Katika Hekalu la Yerusalemu, kabla halijabomolewa na Waroma mwaka 70, palikuwa na chumba kilichoitwa chumba cha siri. Watu wema waliingia na kuweka fedha humo pasipo kuonekana. Na watu wa jamaa nzuri waliofilisika waliingia pia wakachukua, bila mtu kujua nani ameweka na nani ametwaa.

Hekalu lilipoanguka, kazi hiyo haikuanguka. Mishna, kitabu cha sheria zao kilichokusanywa karibu na mwaka 200, kinaeleza vyombo viwili vya kila mji. Cha kwanza ni sahani: chakula kilichokusanywa na kugawanywa kila siku kwa mwenye njaa, hata kama ni msafiri. Cha pili ni kikapu, yaani mfuko wa fedha uliogawanywa kila Ijumaa kwa maskini wa mji, ili wawe na chakula cha juma zima. Mwenye chakula cha milo miwili hakuruhusiwa kula katika sahani. Mwenye chakula cha milo kumi na minne hakuruhusiwa kupokea katika kikapu.

Walijua pia kwamba fedha za watu wote ni jaribu kubwa kwa anayezishika. Kwa hiyo waliokusanya hawakupungua wawili, na waliogawa hawakupungua watatu, maana kupima shida ya kila mtu ni sawa na kukata hukumu. Mkusanyaji akiokota fedha sokoni, hakuzitia katika mfuko wake mwenyewe, asije mtu akadhani kwamba ameiba za maskini. Alizitia katika mfuko wa maskini, akazitoa alipofika nyumbani.

Je, walichunguza kama mwombaji anasema kweli? Walimu walibishana juu ya jambo hilo, nao waliamua hivi: akiomba nguo, achunguzwe kwanza, akiomba chakula, apewe upesi, maana njaa haingoji. Na tena sheria yao ilisema kwamba hata maskini anayeishi kwa msaada sharti atoe kidogo kwa ajili ya maskini mwenziwe. Hivyo hakuna aliyekuwa mpokeaji tu.

Barua za Fustat

Maagizo mazuri ni mengi duniani. Je, yalifuatwa? Kwa bahati tunao ushahidi. Katika sinagogi ya Fustat, yaani Kairo ya kale, Wayahudi walikuwa na chumba cha kutunzia karatasi zilizochakaa, maana hawakutaka kutupa maandishi yenye jina la Mungu. Karatasi hizo zilikaa humo karne nyingi, na mwaka 1897 sehemu kubwa ilipelekwa Cambridge, Uingereza. Humo zimeonekana orodha za maskini na za waliotoa, tena hesabu za mikate iliyogawanywa Jumanne na Ijumaa.

Zimeonekana pia barua za maskini wenyewe. Wengi waliandika kwamba mpaka siku ile walikuwa watu waliositirika, na sasa inawapasa kufunua uso wao. Neno walilolitumia ni la Kiarabu, nasi tunalo shina lake katika kusema kwetu «kusitiri» mtu. Mfanyabiashara aliyepotelewa na mali, mjane mwenye deni, mgonjwa asiyeweza kazi: hao hawakuogopa njaa tu. Waliogopa kuonekana.

Mjini humohumo aliishi Musa Maimonides, mwalimu na mganga, aliyefariki mwaka 1204. Yeye alipanga utoaji kama ngazi nane. Chini kabisa yupo anayetoa kwa uchungu. Juu zaidi yupo anayetoa pasipo kumjua apokeaye, wala apokeaye kumjua yeye. Lakini katika daraja la juu kabisa hakumweka yule anayetoa zawadi kubwa. Alimweka yule anayemshika mkono mwenziwe anayeteleza, akimpa mkopo, au akishirikiana naye katika biashara, au akimtafutia kazi, hata asihitaji tena kuomba.

Wageni wa New York

Katika Ulaya Wayahudi walipata mateso mengi, na kwa huzuni tunakiri kwamba mara nyingi waliowatesa walikuwa Wakristu. Walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, Ufaransa mwaka 1306, Uhispania mwaka 1492. Pengi walikatazwa kumiliki mashamba na kuingia katika vyama vya mafundi. Nani basi angemsaidia Myahudi maskini, isipokuwa Myahudi mwenziwe? Hata katika Marekani, mwaka 1655, wakuu wa kampuni ya Waholanzi waliwaruhusu Wayahudi wakae katika mji ambao leo ni New York, lakini kwa sharti kwamba maskini wao watunzwe na taifa lao wenyewe.

Miaka mia mbili na zaidi ikapita. Tangu mwaka 1881 Wayahudi wa Urusi walipigwa na kunyang'anywa mali, na hadi mwaka 1924 zaidi ya milioni 2 kutoka Ulaya ya mashariki waliingia Marekani. Wengi walikaa katika mtaa wa Lower East Side wa New York, jamaa nzima katika vyumba viwili au vitatu, wakishona nguo au wakisukuma vigari vya kuuzia samaki, mboga na vitambaa. Matajiri waliotangulia kufika, wengi wao wa asili ya Ujerumani, walikuwa na chama chao cha msaada. Lakini wageni wengi waliona uchungu kuulizwa-ulizwa na kupekuliwa nyumbani kama watuhumiwa.

Mwaka 1892 baadhi ya wageni hao walikusanya dola 95, wakaanzisha mfuko wao, Hebrew Free Loan Society. Kazi yake ilikuwa moja tu: kukopesha fedha bila faida hata senti moja. Mikopo ya kwanza ilikuwa ya dola chache, lakini dola chache zilitosha kununua bidhaa za kujaza kigari. Mkopaji hakuulizwa dini yake. Aliulizwa wadhamini, watu wanaomfahamu na walio tayari kulipa kama yeye akishindwa. Kisha alirudisha kidogo kidogo, na fedha ileile ikamwendea mwingine. Anayerudisha deni hainamishi kichwa, maana fedha yake ndiyo inayomsaidia jirani yake. Mfuko huo haujafa. Unakopesha hata leo.

Hapa kwetu wengi wanajua likelemba. Ni jambo jema, lakini anayeingia ni yule aliye na kitu cha kutoa kila mwezi, naye hupokea kwa zamu yake. Mfuko wa New York uliweza kumfikia hata asiye na kitu, mradi awe na watu wanaomwamini.

Na katika Kongo yetu wapo waliowaona Wayahudi kwa macho. Wengi wa wale waliofika Katanga walitoka katika kisiwa cha Rhodes, na sinagogi yao ya Lubumbashi ilijengwa karibu na mwaka 1930. Mara nyingi kijana alifika kwa kuitwa na ndugu aliyemtangulia, akaanza kazi katika duka la mwenzi wake, mpaka akaweza kusimama peke yake. Ndilo daraja lile la juu la Maimonides.

Basi, tufikiri kidogo. Sisi nasi tunasaidia maskini katika parokia zetu, na Mungu anawajua wanaotoa. Lakini tunasaidia namna gani? Je, majina ya wapokeaji yanasomwa mbele ya watu wote? Anayeshika fedha za maskini, yuko peke yake, au wapo wenzake wa kuhesabu pamoja naye? Na yule mama anayeomba unga kila mwezi, je, yupo aliyemwuliza kama angependa zaidi mtaji mdogo wa kuuza unga mwenyewe? Maswali haya hayahitaji mali nyingi. Wageni wa New York walianza na dola 95.