Nani Humjengea Padre Nyumba?

Tarehe 28 Juni 1902, Wataliano wanne walifika Tuthu, kijiji kilicho kando ya msitu wa Nyandarua, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Murang'a. Wawili walikuwa mapadre, Tommaso Gays na Filippo Perlo. Wengine wawili walikuwa mabruda, Celeste Lusso na Luigi Falda. Walikuwa wametoka Torino mwezi wa Mei. Shirika lao, Consolata, lilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache tu. Padre Giuseppe Allamano alilianzisha Januari 1901. Kesho yake, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, wakasoma Misa yao ya kwanza pale Tuthu.

Kama hujawahi kufika sehemu hizo mwezi wa Juni, beba sweta. Ukungu hushuka kutoka msituni na jua unaweza kulisahau siku nzima. Wale wanne walifika katika baridi hiyo bila kujua Kikuyu na bila nyumba. Tena, ndoto ya Allamano haikuwa Murang'a. Alitamani kuwatuma watu wake kwa Waoromo wa Ethiopia, na Kenya ilionekana kama njia ya kufika huko. Kwa hivyo mapadre wa kwanza wa Tuthu walikuwa, kwa namna fulani, wapita njia.

Aliyewapokea alikuwa Karuri wa Gakure. Huyu hakuwa mzee wa kijiji aliyeshtuliwa na wageni weupe. Alikuwa mfanyabiashara na mtu wa siasa, na wageni alikuwa ameshawazoea. Kabla ya mapadre alimkaribisha John Boyes, Mwingereza mjanja ambaye baadaye aliandika kitabu akijiita mfalme wa Wakikuyu. Boyes alipata chakula cha kuuza; Karuri akapata rafiki mwenye bunduki. Waingereza walipoanza kutawala eneo hilo, Karuri alikuwa upande wao, na wakamfanya chifu. Kwa hivyo alipowapa mapadre mahali pa kukaa, alijua anachofanya. Mgeni anayelala kwako huhesabiwa kuwa wako.

Sisi Wakatoliki wa Kenya hupenda kuisimulia habari ya Tuthu kama mwanzo mtamu: chifu mkarimu, mapadre wanyenyekevu, Misa ya kwanza. Sikatai. Ila nikiisoma leo naona swali ambalo kila parokia hukutana nalo padre mpya anapofika. Nani anampa paa? Na aliyempa paa anatarajia nini?

Nauliza kwa sababu kwetu tumepata paroko mpya. Ni Mkenya, bado kijana, amekuja na masanduku mawili na gitaa. Anaishi kwa chumba nyuma ya ofisi ya parokia kwa sababu nyumba ya mapadre imekwama kwenye lenta. Mimi niko kwenye kamati ya ujenzi, nikiwakilisha vijana. Kwenye mkutano wetu wa kwanza tukiwa naye, mzee mmoja alisimama akasema, "Fadha, usijali. Kuna mheshimiwa fulani yuko tayari kuweka paa. Anataka tu Jumapili moja ya kuja kutusalimia." Watu wakapiga makofi. Fadha akaomba muda wa kufikiria.

Mheshimiwa huyo si wa kwanza kuwa na wazo kama hilo. Novemba 2024, Rais William Ruto alihudhuria Misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, hapa Nairobi. Aliacha shilingi 600,000 za kwaya na halmashauri ya parokia, na milioni 2 za kujenga nyumba ya padre. Akaahidi milioni 3 nyingine na basi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo akatoa taarifa: pesa zitarudishwa, na zile zilizoahidiwa hazitapokelewa. Mitandao ilichemka wiki nzima. Wengine walishangilia, wengine wakauliza kanisa lina jeuri gani ya kukataa pesa wakati waumini wake wana njaa.

Kilichonigusa mimi ni zile milioni 2. Kati ya vitu vyote ambavyo mwanasiasa angeweza kugharamia, alichagua nyumba ya padre. Karuri angemwelewa haraka sana.

Turudi kwa Karuri, maana habari yake haikuishia kwenye ukarimu. Alikaa karibu na mapadre miaka 14 kabla ya kubatizwa, mwaka 1916, mwaka uleule aliofariki. Alikuwa na wake wengi, na kanisa lilikuwa na masharti yake. Kwa miaka hiyo yote alikuwa mwenyeji wa imani ambayo hakuwa ameingia. Hao mapadre nao hawakubaki wageni wake. Kufikia 1903 walikuwa wamefika Mathari, Nyeri, na huko misheni ikaja kuwa na shamba kubwa la kahawa. Perlo alikuwa mtu wa mahesabu na mashine. Alitaka misheni ijilishe yenyewe. Mwaka 1909 akawa askofu, na Nyeri ikawa kitovu cha kazi yao.

Unaweza kusema hapo ndipo walipojikomboa kutoka kwa chifu. Sawa, lakini ardhi walipewa na nani? Mwaka 1902, mwaka ule wa Tuthu, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya ardhi iliyompa kamishna uwezo wa kugawa ardhi ambayo Wakikuyu na wengine waliijua kuwa yao. Misheni ilitoka chini ya paa la Karuri ikaingia chini ya paa la serikali. Hilo lilikuwa na gharama, na bado watu wa Nyeri na Murang'a wanaweza kukusimulia mipaka ya shamba la misheni kuliko mipaka ya parokia.

Lakini kuna jambo jingine walilofanya, na hilo ndilo ningependa paroko wetu alijue kuliko yote. Tarehe 1 hadi 3 Machi 1904, wamisionari hao walikutana Murang'a kupanga kazi yao. Miongoni mwa waliyoamua: kutibu wagonjwa, kuanzisha shule, kuandaa makatekista, na kutembelea watu vijijini, nyumba kwa nyumba. Walikuwa wamekaa chini ya miaka miwili. Walikuwa wamegundua kwamba Mkikuyu hatakuja kwako kwa sababu umejenga. Lazima wewe uende kwake, ukae kwenye kigoda chake, ukosee lugha yake mbele ya watoto wake wakucheke, halafu urudi kesho.

Hata sheria ya Kanisa ya sasa, ya 1983, inasema karibu hivyohivyo. Kanuni ya 529 inamtaka paroko awajue watu wake, atembelee familia, ashiriki mahangaiko yao, awatafute maskini, wagonjwa na wapweke. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na halmashauri ya fedha. Ukiziweka pamoja, unapata picha ya padre anayeingia nyumba za watu huku watu nao wakiingia kwenye vitabu vyake vya hesabu. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna chombo cha kufanyia kazi hiyo. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa AMECEA walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa uchungaji. Jumuiya hukutana sebuleni kwa mtu, kwenye viti vya plastiki vya kuazima, na chai.

Kwetu tuna jumuiya 31. Fadha akitembelea moja kila wiki, kabla ya mwaka kuisha atakuwa ameketi katika zote. Kila jumuiya ikijitwika mabati 6, hayo ni mabati 186, na fundi ametuambia paa letu linahitaji 180. Nimezifanya hesabu hizo kwa simu nikiwa kwenye matatu, nikazirudia nyumbani. Itachukua muda mrefu kuliko Jumapili moja ya mheshimiwa. Msimu wa mvua utamkuta Fadha bado kwenye kile chumba cha nyuma. Mama mmoja wa jumuiya yetu, muuza mboga, aliposikia mpango huu alisema, "Mabati sita? Sisi hata mazishi ya milioni tumechanga."

Mkutano ujao wa kamati ni Jumamosi. Nitasimama baada ya yule mzee, kwa heshima zote, niseme: Baba, asante kwa kututafutia msaada. Lakini tumwombe mheshimiwa achangie kwenye jumuiya ya mtaa anakoishi, bati lake likiwa moja kati ya 186, bila maikrofoni. Akikubali, karibu. Akikataa, tutakuwa tumejua paa lile lilikuwa la nani.