Rembrandt na macho yaliyofichwa kivulini

Yapata mwaka 1628, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, kijana wa miaka ipatayo 22 alijitazama kwenye kioo, akajichora uso, kisha akayafunika macho yake kwa kivuli. Kijana huyo, mwana wa msaga nafaka, aliitwa Rembrandt van Rijn. Picha yenyewe ni ndogo, haifiki sentimita 23 kwa urefu, na leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam.

Mwanga unaingia kutoka kushoto, unagusa shavu, ndewe ya sikio na shingo, kisha unaishia hapo. Paji la uso na macho vimebaki gizani. Mtazamaji hulazimika kusogea na kutulia, ndipo agundue kwamba macho yale yanamtazama. Nywele nazo Rembrandt alizipata kwa ujanja wa fundi: rangi ikiwa bado mbichi, aliigeuza brashi na kuikwaruza rangi hiyo kwa ncha ya mpini, na mikwaruzo hiyo ikawa vinywele vinavyong'aa.

Mtindo wa kugonganisha mwanga mkali na giza zito ulikuwa umevuma kutoka Roma, kwa kazi za mchoraji Caravaggio, aliyefariki mwaka 1610. Wachoraji wa mji wa Utrecht, Uholanzi, waliokwenda Italia walirudi nao nyumbani. Rembrandt hakuwahi kufika huko. Alijifunza kwa miezi michache tu Amsterdam, kwa mchoraji Pieter Lastman, ambaye yeye alikuwa amekaa Italia.

Kwa nini basi ajaribie uso wake mwenyewe? Mteja aliyelipa fedha zake hutaka aonekane, tena vizuri. Asingekubali kuchorwa macho yakiwa gizani. Uso wa mchoraji hauna malipo wala malalamiko. Kwa hiyo Rembrandt aliurudia maisha yake yote, akajichora kwa rangi mara zipatazo 40.

Alipata utajiri na sifa, akafiwa na mkewe Saskia mwaka 1642, akafilisika mwaka 1656. Mwaka 1669, akiwa na miaka 63, alijichora tena katika picha iliyopo sasa National Gallery, London. Safari hii mwanga umemwangukia usoni moja kwa moja: makunyanzi, ngozi iliyolegea, macho ya mzee aliyechoka. Alichokificha ujanani, uzeeni alikiweka wazi. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo.