Liemba Ilizaliwa Kigoma

Wengi husema Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilizaliwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, katika karakana ya Meyer. Siafikiani nao. Huko mabamba ya chuma yalishikizwa kwa bolti ili kupimwa, yakafunguliwa, yakafungwa katika makasha yapatayo 5,000 na kusafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Je, ndani ya makasha yale kulikuwa na meli? Kulikuwa na chuma chote cha meli, wala hakikupungua kitu. Lakini meli haikuwamo. Ilipatikana ufukweni Kigoma, mafundi wa Kijerumani na vibarua wa Kiafrika na Kihindi walipoyapigilia mabamba yale ribiti. Februari 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen.

Aristotle alifundisha kwamba kitu ni maada na umbo kwa pamoja: chuma peke yake hakijawa meli, sawa na udongo usiofinyangwa. Makasha ya Kigoma yanamuunga mkono kuliko mfano wowote ninaoujua.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja Julai 1916. Wajerumani walipozidiwa vitani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito. Machi 1924 Waingereza wakaiibua. Miaka yote hiyo haikubeba abiria wala gunia. Kama kiini cha meli ni kazi yake, basi meli ilikufa, na iliyoanza safari Mei 1927 kwa jina la Liemba ni nyingine. Mimi nasema haikufa. Chini ya maji mabamba yaliendelea kushikana kama yalivyopigiliwa Kigoma. Ilipoteza kazi, ikalinda umbo; na jina jipya halikuigusa.

Plutarch aliisimulia meli ya Theseus, ambayo Waathene waliibadilisha mbao moja baada ya nyingine, wanafalsafa wakabishana kama bado ni ileile. Karne ya 17 Thomas Hobbes akaongeza utata: vipi mtu akizikusanya mbao kuukuu na kuziunda upya? Liemba nayo imebadilishwa. Injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 zikaja za dizeli, na mwaka 1993 ikakarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark. Hata kama mtu angezipata injini zile za zamani na kuziunganisha, angekuwa na injini tu. Meli ilibaki pale mabadiliko yalipopita ndani yake, na ndiyo iliyowabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga mwaka 2015.

Mwembe wa Ujiji, ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, una habari tofauti. Ulikufa. Miembe iliyopo leo penye mnara wa ukumbusho inaelezwa kuwa imetokana nao kwa vipandikizi, nami naithamini. Lakini mtoto si mzazi, hata awe na damu yake.

Ndiyo maana matengenezo ya Liemba yananigusa. Injini mpya hazinitishi. Bamba lililoliwa na kutu litolewe, lingine lipigiliwe mahali pake, mradi yanayolizunguka yangali yameshikana. Ila isije ikafumuliwa yote kwa mara moja na chuma chake kulundikwa ufukweni, kwa ahadi kwamba itaundwa tena.