Kutua, Kukunja na Kuzonga: Istilahi za Tanga katika Pwani ya Bagamoyo

Lugha ya chombo cha baharini haivumilii utata. Katika mkutano, neno lisiloeleweka huulizwa tena. Baharini, upepo unapovuma kwa ghafla, amri isiyoeleweka huweza kupasua tanga au kuangusha mlingoti. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuchunguza historia ya istilahi za tanga katika pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam, toka Kunduchi hadi Bagamoyo na Saadani, kisha kuuliza kama zatosha kueleza mtambo uliokuja baadaye: ule wa tanga la omo lizongwalo kwenye waya.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango wa misafara ya bara, na majahazi yalikwenda na kurudi kati yake na Unguja. Lugha ya mabaharia ilijengwa na watu wengi. Neno tanga ni la Kibantu. Nahodha lina asili ya Kiajemi. Rubani na sukani ni ya Kiarabu. Roda, yaani gurudumu la ndani ya kapi, ni la Kireno. Hakuna baraza lililokaa kuyapitisha. Kazi iliyahitaji, na Kiswahili kikayapokea na kuyafanya yake.

Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu ilianzishwa Bagamoyo mwaka 1868. Miongoni mwa mapadri wake alikuwa Charles Sacleux, aliyefika pwani hii mwaka 1879 na ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutolewa mwaka 1939. Mwaka huohuo ilitoka kamusi ya Frederick Johnson. Humo twakuta foromali, boriti ya kufungia tanga. Henza, kamba nene ya kupandishia foromali. Na demani, kamba ya pembe ya tanga, neno ambalo pia ni jina la majira.

Vitenzi navyo vina mpango ulio wazi. Kutweka ni kupandisha foromali pamoja na tanga lake; kutua ni kuishusha. Kukunja ni kulikusanya tanga juu ya foromali na kulifunga. Kukunjua ni kulifungua. Hakuna hata kimoja kinachomaanisha kupunguza ukubwa wa tanga lililokwisha twekwa, kwani kazi hiyo ilifanywa kwa njia nyingine. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri katika bumu la Kuwait hadi Unguja katika msimu wa 1938-1939, alieleza jinsi mabaharia walivyotua foromali na kufunga tanga dogo zaidi badala ya kulipunguza lile kubwa.

Mtambo tunaouzungumzia ulianza kutumika Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na leo umeenea katika mashua ndogo za matanga duniani. Tanga la mbele halishushwi, bali huzongwa kwenye waya utokao omo hadi karibu na kilele cha mlingoti. Chini pana ngoma yenye kamba. Kamba ikivutwa, ngoma huzunguka na tanga likazongwa. Mtambo ukigoma, mara nyingi kosa huwa katika moja ya sehemu mbili. Juu, henza ikienda sambamba na waya, huzongwa nao. Dawa ni kuielekeza nyuma kidogo, upande wa mlingoti, ili iachane na waya. Chini, kamba ikilegea tanga linapozongolewa, mizunguko yake hupandana ndani ya ngoma na kukwama. Dawa ni kuishikilia kidogo inapoingia. Katika hali zote mbili, kuvuta kwa nguvu ni kuharibu: waya huweza kukatika, na mlingoti ukaanguka.

Msomaji ataona kwamba maelezo hayo yametimia bila kuazima neno jipya. Henza ya foromali imekuwa henza ya tanga, na kuzonga, kitenzi cha uzi na kamba, kimefanya kazi ambayo kukunja hakikuiweza. Twapendekeza basi kukunja kubaki kwa tanga la foromali, na kuzonga na kuzongoa kutumike kwa tanga la waya. Kulizonga nusu kuitwe kupunguza. Kijana akiambiwa "kunja" kwa mambo yote, hatajua kama atue au avute.

Jambo linalotutia wasiwasi ni kwamba vyombo vingi vya pwani hii sasa huendeshwa kwa mashine, na mzee asiye na tanga la kutweka hana kijana wa kumwamrisha. Kamusi huhifadhi neno, lakini haihifadhi sauti na wakati wa amri. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, kusanifu istilahi kumekuwa sehemu ya wajibu wake. Ingefaa kila orodha ya istilahi za bahari ipelekwe kwanza ufukweni Bagamoyo na katika chuo cha uvuvi cha Mbegani, isomwe mbele ya wenye kazi, nao waseme lipi linashika na lipi linateleza. Wahenga walisema: tezi na omo, marejeo ni ngamani.